Njia ya Hewa

Ofisini walimwita Breki, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwa dada yake peke yake, ambaye naye hakulitumia. Yeye alimwita "we mtoto", ingawa mtoto mwenyewe alikuwa na wajukuu. Jina la Breki lilitokana na kazi. Alikuwa mpanga samani, na samani zenyewe zote zilikuwa na magurudumu: meza, kabati, mbao za kuandikia, hata kuta. Kila alipofikisha kitu mahali pake alikanyaga kile kibati cha kuzuia gurudumu, akatangaza kwa sauti, "Breki!" Asipotangaza, hakuwa na uhakika kwamba amekanyaga.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani ofisi ile ilikuwa na meza za mbao nzito ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikihama. Mtu akiajiriwa alionyeshwa meza yake, akaweka kandambili zake chini yake, na hapo ndipo alipozeekea. Kisha akaja meneja mpya, mama mmoja mchangamfu, na nyuma yake mshauri wa mambo ya nafasi, na nyuma ya mshauri lori lenye maboksi. Ndani ya maboksi mlikuwa na meza zenye pande sita. Ukiunganisha mbili unapata meza ya mazungumzo. Ukiunganisha nyingi unapata duara la mkutano. Ukizitenganisha kila mtu anapata kisiwa chake.

"Kuanzia leo hapa hakuna meza ya mtu," meneja alitangaza. "Ukija asubuhi, unakaa palipo wazi."

Watu walipiga makofi, kisha kila mmoja akaenda kuficha mto wake wa kukalia.

Na si hilo tu. Kila Jumatatu ofisi nzima igeuzwe: wiki hii iwe mzinga wa nyuki, wiki ijayo kwato la farasi, wiki inayofuata visiwa. "Tusizoee," alisema meneja. Basi kazi ya Breki ikawa kuhakikisha hakuna anayezoea. Aliifanya kwa bidii, na ikawa kawaida kumwona mtu mzima, mwenye cheo na miwani, amesimama mlangoni Jumatatu asubuhi na chai mkononi akiuliza idara yake imekwenda wapi.

Kitu kimoja tu hakikuhama, nacho ni meza ya simu, kwa sababu waya ulitoka ukutani na ukuta ule ulikuwa wa matofali. Hapo ndipo alipokaa dada yake Breki. Ofisi nzima ilimwita Dada wa Simu. Ndiye aliyemlea Breki mama yao alipofariki, akamsomesha mpaka shule yenyewe ikasema basi, kisha akamwombea kazi palepale. Sauti yake ilijulikana mbali. Watu waliopiga simu kulalamika walijikuta wanamwuliza hali. Alikuwa na nambari zote kichwani, na aliwajua watu wa ofisini kwa nyayo: huyu anaburuta, huyu anarusha kisigino, huyu ana viatu vipya na anataka tujue.

Watu walisifu kipaji hicho cha nyayo. Hakuna aliyejiuliza kwa nini siku hizi alikitumia sana.

Breki alijua. Alijua tangu asubuhi ile walipoletewa kitundikio kipya cha makoti, kile cha kusimama, na mtu akakivisha koti la kijivu. Dada yake alipita, akapunguza mwendo, akainamisha kichwa kwa adabu na kusema, "Shikamoo, mzee." Alidhani ni mhasibu mkuu. Koti halikuitikia. Dada akasonya kimoyomoyo na kwenda zake, na tangu siku hiyo akamnunia mhasibu mkuu, ambaye hakujua kosa lake.

Baada ya hapo Breki alianza kuangalia, na ukianza kuangalia, jamani, unaona mengi. Aliona dada yake akimimina chai huku kidole kimekaa ndani ya ukingo wa kikombe. Aliona jinsi walivyokuja kazini kila siku, maana waliishi nyumba moja: kikapu cha chakula cha mchana dada aliking'ang'ania kwa mshikio mmoja, na mshikio wa pili akataka aushike Breki, eti kizito. Ndani mlikuwa na vibakuli viwili. Breki alishika upande wake, wakatembea hivyo hadi ofisini.

"Si umwambie tu?" mke wake alimwuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba haoni? Anajua."

Hofu yao ilikuwa na sababu. Mtunza stoo macho yalipomfifia, akakutwa anasoma vibandiko vya maboksi pua imegusa boksi, alistaafishwa kwa usalama wake. Walimkatia keki, wakampa saa ya ukutani. "Saa!" Dada wa Simu alisema jioni ile nyumbani. "Angalau wangempa redio." Kisha akasema tena, na safari hii si kwa utani. "Mimi siku nikimwaga unga wangu nikae hapa nalishwa na kufutwa mdomo, mchimbe na kaburi kabisa." Alikuwa mjane bila mtoto. Simu ile ndiyo iliyokuwa dunia yake, na Breki alipoyasikia maneno hayo aliahirisha kula.

Kwa hiyo akafanya alichoweza, na alichoweza ni kusukuma meza. Kila Jumatatu, iwe mzinga, iwe kwato, iwe visiwa, aliacha njia moja iliyonyooka kutoka mlangoni hadi kwenye simu, na nyingine kutoka kwenye simu hadi msalani. Hakuna kiti kilichoruhusiwa kuchungulia humo. Hakuna mkoba. Mtu akisahau mguu wake humo, aliukuta umesogezwa. Dada yake akapita kifua mbele, kama mtu anayemiliki jengo.

Ilikuwa sawa mpaka mshauri wa nafasi alipoigundua. Alisimama katikati, akatazama huku, akatazama kule.

"Breki, hii nafasi hapa ni ya nini?"

Alitazama juu kutafuta msaada, akaona matundu ya feni.

"Ni njia ya hewa," alisema.

Mshauri naye akatazama juu. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyefunuliwa jambo, akaandika. Wiki iliyofuata, kwenye mkutano, njia ya hewa ilionekana kwenye skrini ya ukutani imechorwa kwa mshale wa buluu. Matawi mengine nayo yakaagizwa yaache njia kama hiyo. Karani mmoja alishuhudia mbele ya watu kwamba tangu hewa ianze kupita hajaumwa kichwa. Mhasibu mkuu alilalamika kwamba inampiga shingoni, akaanza kuja na skafu.

Breki hakucheka. Mtu aliyedanganya na kuaminiwa hana raha ya kucheka.

Kisha zikaja habari kwamba wakubwa wa makao makuu wanakuja kutembelea. Meneja akamwita Breki, akamwonyesha sakafu kwa mkono wote.

"Nataka duara moja. Kubwa. Meza zote, watu wote, katikati kabisa."

"Katikati haiwezekani, bosi. Kuna njia ya hewa."

Meneja akafikiri. "Hewa si itapita juu ya meza?"

Breki akatazama tena matundu ya feni.

"Breki, ni hewa," meneja alisema kwa upole. "Itapita juu."

Jambo hilo lilikuwa kweli. Alimwona dada yake kwa mbali, sikio limebana mkono wa simu, anacheka na mtu fulani wa upande wa pili. Aliona duara limekaa pale kesho asubuhi, na dada anaingia kifua mbele. Aliona keki. Hapo ndipo akasema neno ambalo hakulipanga, na kama angepewa muda wa kumeza mate asingelisema.

"Ni mimi, bosi. Macho yangu. Sioni vizuri, ile njia naifuata mimi. Mkiifunga nitaumia."

Uso wa meneja ukalegea wote. Alikuwa mtu mwema, na tabu ya watu wema ni kwamba wanachukua hatua. Alimshika Breki bega. Alimwuliza kwa nini ameteseka kimya kimya. Kabla ya kazi kuisha alikuwa ameshapanga kila kitu: Breki asiguse tena samani, ni hatari, meza watasukuma makarani pamoja na mshauri, kesho mchana dereva ampeleke kwa daktari wa macho, na kuanzia kesho akae pale kwenye simu, ajifunze kazi ya kukaa. "Dada yako atakuongoza," alisema, machozi yakimlengalenga. "Tuna bahati kwamba yupo."

Duara likapangwa jioni ileile, katikati kabisa. Ukilitazama jambo lilivyokuwa, Breki alikuwa amemwondolea dada yake mlinzi wa pekee aliyekuwa naye, na njia akaifunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi walipofika mlangoni, ofisi nzima ilikuwa imesimama kuwasubiri kwa huruma. Kabla hawajavuka kizingiti Dada wa Simu alikuwa ameshaambiwa na kila mtu. Alimkamata Breki kiwiko kwa nguvu.

"Pisheni," alisema kwa sauti. "Nampitisha mdogo wangu."

Kisha kwa sauti ya chini, bila kusogeza midomo: "We mtoto, toka lini?"

"Toka zamani kidogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikutaka kukusumbua, dada."

Wakaanza kwenda. Breki alitangulia nusu hatua, akakata kushoto kufuata duara, na dada akafuata kiwiko. "Pole pole, hapa kuna meza," dada alimwonya mahali ambapo hapakuwa na meza. "Inua mguu." Breki akainua mguu. Ili watu wasishuku, alijigonga kwenye kiti kimoja, na yule karani wa kuumwa kichwa akageukia dirishani kufuta machozi.

"Mbele unaona?" dada alinong'ona.

"Kidogo. Wewe?"

"Mimi naona vizuri," alisema dada.

Walifika. Watu wakapumua. Mmoja alisema hajawahi kuona upendo wa namna ile, na hakukosea, ila aliuona kinyume.

Mchana dereva akampeleka Breki kwa daktari. Safari nzima alijiapiza: nitabahatisha, nitakosea, nitaita kila kitu O. Daktari akamkalisha, akamwonyesha bango la herufi. Sasa, lazima ijulikane kwamba Breki shuleni hakuwahi kuulizwa swali akalijua jibu. Na hapa ameketi mbele ya mtu mwenye koti jeupe, anaulizwa, na majibu yote anayo. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Akashuka hadi chini kabisa, na herufi zilipokwisha akasoma na jina la kiwanda kilichochapa bango, lililojificha pembeni kwa maandishi ya kuudhi.

"Hongera sana," daktari alisema.

"Ahsante sana," Breki alisema, akatoka amefurahi. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi alipokumbuka kwamba haoni. Akarudi mbio.

"Daktari, nilibahatisha."

"Na kiwanda nacho ulikibahatisha?"

Alirudi ofisini amenyong'onyea, akaketi kando ya dada yake. Dada hakuuliza, alikuwa na kazi. Simu ikaita.

"Ndiyo, daktari, habari za kazi," dada alisema. "Meneja yupo, nakuunganisha... Nani? Mpanga samani wetu?" Akasikiliza. "Anaona?" Akaubana mkono wa simu sikioni. "Yote? Na kiwanda?"

Akageuza uso kwa Breki. Macho yalimtua karibu na sikio, si usoni.

"Subiri kidogo, daktari," alisema. Hakubonyeza kitufe chochote. Aliweka mkono wa simu juu ya meza, taratibu.

"We mtoto."

"Naam, dada."

"Njia ya hewa ilikuwa ya nani?"

Breki alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza."

"Yako."

"Umejua toka lini?"

"Toka uliposalimia koti."

"Kumbe lilikuwa koti," dada alisema. "Na yule mzee wa watu nimemnunia muda wote huu."

"Dada, kata hiyo simu," Breki alinong'ona haraka haraka. "Mwambie meneja ametoka. Nitasema nimepona. Nitasema chochote."

"Watakufukuza kwa uongo."

"Wanifukuze!"

"Una wajukuu, mjinga wewe." Akasimama. Breki akasimama naye, akamshika mkono. "Kaa," dada alisema, na Breki, ambaye alikuwa amekaa kila alipoambiwa akae na sauti ile tangu utotoni, akakaa.

Kona ya meneja ilikuwa upande wa pili, na katikati lilikuwapo lile duara. Dada akajikaza, akaenda. Kiti cha kwanza alikigonga kwa nyonga. "Samahani," alikiambia. Cha pili kilianguka. Watu wakageuka. Akanyoosha mkono, akaupata ukingo wa meza, akauegemea kwa uzito wake wote, na meza ikaondoka. Makarani waliisukuma jana kwa moyo mzuri sana, lakini hakuna aliyekanyaga kibati. Ikateleza, na dada akateleza nayo, miguu nyuma, mikono mbele.

"Breki!" Breki alipiga ukelele kutoka kwenye meza ya simu. Ndiyo amri pekee aliyoijua.

Dada hakuanguka. Aliikumbatia meza kwa mikono miwili, akaituliza, akasimama wima. Akapumua. Kisha, badala ya kuiacha, akaanza kuisukuma. Akaenda na meza mbele yake, yenye pande sita na magurudumu yanayolia, akaparamia viti, akafumua duara na kila kilichounganishwa, na watu wakaruka pembeni na chai zao. "Pisheni, jamani," alisema. "Meza hii haioni." Breki alibana kiti chake kwa mikono yote miwili. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na pia, hata yeye alishangaa, alijisikia fahari.

Meza iligonga kabati la meneja ikasimama.

"Bosi," dada alisema, "daktari wa macho yuko kwenye simu, anakusubiri. Atakwambia mdogo wangu anaona. Ni kweli anaona, amesoma hadi kiwanda. Asiyeona ni mimi."

Kalamu ya mshauri ilisimama hewani.

"Alidanganya kwa ajili yangu, nami sikumtuma. Mwaka mzima nimekaa pale sioni, na simu zenu nimezipokea zote. Kama yupo niliyempeleka siko, na aseme sasa."

Hakuna aliyesema.

"Kwa hiyo," meneja alianza, akatafuta pa kushika, "ile njia ya hewa..."

"Haina hewa."

Mhasibu mkuu akavua skafu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Meneja alikaa. Alikuwa na huruma, lakini pia alikuwa na wakubwa. "Dada, hili lazima niwaulize makao makuu," alisema kwa shida. "Siwezi kuamua peke yangu."

"Waulize. Nikuunganishe nao?"

"Ndiyo," meneja alisema. "Tafadhali."

Basi Dada wa Simu akaigeuza ile meza, akarudi nayo ileile njia aliyoifumua, akaketi. Akamwomba radhi daktari kwa kumchelewesha. Akapiga nambari ya makao makuu bila kupapasa hata tarakimu moja, akasalimia, akaunganisha, na kuweka mkono wa simu chini.

"Sikiliza wanasema nini!" Breki alisihi.

"Mimi sisikilizi simu za watu."

Wakakaa. Breki alijaribu kusoma midomo ya meneja toka mbali, na kwa macho aliyokuwa nayo angeweza, lakini meneja alikuwa amegeuka. Mwishowe akaja mwenyewe, kwa miguu, akiruka viti vilivyoanguka.

"Wameuliza kama ni yule mama asiyewahi kuwakatia simu," alisema. "Nikasema ndiye. Wamesema ubaki. Wameuliza ikiwa kuna kitu unahitaji." Kisha akamgeukia Breki, na uso haukuwa wa huruma tena. "Na wewe, kesho urudi kwenye meza. Nitakuandikia onyo kwa uongo, utalisaini, na utakanyaga hizi breki zote, maana karibu meza zituulie mtu."

"Sawa, bosi," Breki alisema.

Meneja alipoondoka, dada alibaki ametulia, mikono juu ya meza. Alionekana mdogo ghafla, amechoka. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Uso wako mara ya mwisho kuuona ulikuwa na ndevu," alisema. "Bado unazo?"

"Nilizinyoa."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Mbona hukuniambia?"

Dada akanyoosha mkono, ukapita hewani kidogo, ukampata shavuni.

"Unalia."

"Silii."

"Unalia, na kunyoa kwenyewe hujui," alisema dada, akimfuta kwa kidole gumba kama enzi zile. Hakuuondoa mkono mpaka simu ilipoita.